Kanda Iliyoanikwa Juani

Kila Jumapili baada ya swala ya alasiri, watu kama kumi hivi hukaa barazani kwa fundi redio mmoja hapa Mwembesongo kusikiliza muziki wa miaka ya themanini. Hawasikilizi kwenye simu. Wanasikiliza kanda, zile zenyewe za plastiki zenye matundu mawili, ambazo wajukuu zetu wakiziona wanauliza kama ni kitu cha kuchezea. Fundi anazo redio kaseti tatu anazozihangaikia usiku na mchana. Mkanda wa ndani ukikatika anakata mpira mwembamba kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, anauvisha, na redio inaimba tena.

Karibu wote ni wazee sasa. Yupo mstaafu wa reli, yupo mwalimu wa zamani wa hesabu, wapo waliofanya kazi viwandani wakati mji huu bado unaamshwa na ving'ora vya viwanda. Wanakunywa kahawa, wanatafuna kashata, na sheria yao ni moja: wimbo ukianza, kimya. Ukiropoka katikati ya wimbo, Jumapili inayofuata kahawa unapika wewe. Mimi nimepika kahawa nyingi sana.

Wanachopenda ni zile nyimbo za Ulaya na Marekani zenye vinanda vya umeme na ngoma za mashine. Kiingereza chake hatukukielewa wakati ule na wengi wetu hatukielewi mpaka leo. Wanangu hunicheka. "Mama, unalia kwa wimbo usiojua unasema nini?" Nawaambia ndiyo, nalia, na ninyi nendeni mkaoshe vyombo. Wao wanagusa kioo, wimbo unakuja. Sisi tuliusubiri. Redio ya taifa ilikuwa moja tu, na wimbo ulioupenda unaweza kukaa wiki tatu bila kupigwa. Kitu ulichokisubiri wiki tatu hakikutoki moyoni kirahisi, na mimi sioni ajabu yoyote hapo.

Aliyeanzisha baraza hilo ni kaka yangu. Kiti chake kilikuwa kile cha karibu na mlango, na mbele yake, juu ya meza, aliweka kanda moja mbovu iliyopinda, isiyoweza kupigwa na redio yoyote duniani. Kila kikao aliitoa mfukoni na kuiweka pale katikati. Mgeni akiuliza ni nini, rafiki zake walikuwa tayari na jibu. "Hiyo ni marehemu. Muulize shemeji yetu, ndiye aliyemuua."

Shemeji yao, yaani mke wa kaka, wifi yangu, alikuwa akipita na birika la kahawa alilotoka nalo kwake. Alicheka. Miaka yote ile nilimwona akicheka.

Aliyeiua kanda ile ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, huko kwetu Kinole, mlimani. Kaka alikuwa ameajiriwa kiwandani mjini na alikuwa amenunua redio kaseti, ya kwanza katika kitongoji chetu. Alikuwa na nywele za jeri kali zilizong'aa mafuta, mpaka mama akamkataza kulalia mto wa nyumbani. Mwisho wa wiki alipanda mlima na redio begani, na nyumba nzima ikageuka studio. Akisikia mtangazaji anataja wimbo aliokuwa akiuwinda, ananyanyua mkono, na sisi wote tunaganda tulivyo. Mtwangio unabaki hewani. Mtoto anazibwa mdomo. Yeye ameinama, vidole viwili juu ya vile vitufe viwili vya kurekodia, anasubiri mtangazaji amalize maneno yake. Mtangazaji naye, Mungu wangu, alikuwa na maneno!

Kanda ile moja ilimchukua mwaka mzima kuijaza. Ndani yake kulikuwa na nyimbo kumi na tatu na sauti za nyumbani kwetu: jogoo, mvua kwenye bati, na pahala pamoja mama akifoka, "Zima hilo, mawe yanaisha!" Mawe ndiyo betri. Zilikuwa adimu wakati ule kuliko sukari, na sukari yenyewe tulikuwa tukiisikia tu. Wimbo wa mwisho upande wa pili, ule mrefu wenye kinanda kinacholia taratibu mwanzoni, kaka aliupata baada ya kuukosa mara nne. Siku alipoupata alimbeba mama juu juu, na mama akampiga kwa kipepeo cha moto huku akicheka.

Sasa, asiyekaa mlimani hajui ukungu unavyofanya. Kinole, miezi ya mvua, kila kitu kinaota kuvu: viatu, mikanda ya suruali, hata misahafu. Kanda za redio nazo zinaota. Kwa hiyo tulikuwa na kawaida yetu. Jua likichomoza, betri zilizochoka unazianika mkekani pamoja na karafuu, zipate moto, zifufuke kidogo. Kanda pia unazitoa nje, lakini zenyewe unaziweka kwenye upenu, kivulini, zipigwe na upepo tu. Betri juani, kanda kivulini. Kila mtoto wa pale alilijua hilo. Na mimi nililijua.

Siku ile kaka alikuwa ameshuka mjini na kuiacha kanda. Niliifungua nikaona doa jeupe la kuvu kwenye utepe. Roho iliniuma. Nilitaka akirudi aikute safi, anisifu. Jua lilikuwa la mawingu, linatoka linaingia, nikajisemea, ah, jua lenyewe liko wapi, nikaiweka mkekani katikati ya karafuu, karibu na betri, nikaenda kucheza rede na wenzangu. Mawingu yakafunguka. Niliporudi, kanda ilikuwa imekunjamana upande mmoja, na kichwa cha karafuu kimenasa kwenye tundu lake.

Niliificha ndani ya khanga nikairudisha kwenye kisanduku chake.

Kaka alikuja Jumamosi. Alipoifungua alikaa kwenye kinu kilicholazwa pale uani akalia. Mwanamume mzima, mwenye ajira, analia mchana kweupe kwa sababu ya kanda. Alijaribu kuutoa utepe na kuuhamishia kwenye ganda lingine, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayeita kutoka ndani ya pipa. Akaichomoa ile karafuu tunduni, akauliza, "Nani kaianika?"

Kabla sijafungua mdomo, na sijui kama ningeufungua, mama alijibu. "Muulize mkeo. Karafuu anaanika yeye."

Wifi yangu alikuwa na miezi mitatu ndani ya nyumba yetu. Alikuwa ametoka Kisaki, kule chini kwenye joto, na wanawake wa kwetu walikuwa wameshampa sifa yake: mtoto wa bondeni, hajui mambo ya mlima. Ilikuwa rahisi mno kuamini. Mtu wa joto atajuaje kwamba kanda zina mahali pake na betri mahali pake? Kaka alimtazama. Wifi aliangalia chini, akasema, "Nisamehe." Basi. Neno hilo moja tu, na kesi ikafungwa. Nami nikaenda zangu kuchota maji, nikishukuru Mungu, mshenzi mkubwa mimi.

Kaka hakumpiga wala hakumfukuza. Alimsamehe, na hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya zaidi, ingawa ilinichukua miaka kulielewa hilo. Kwa sababu rafiki zake ni mashemeji wa yule mwanamke, na kwetu shemeji ana haki ya kukutania na wewe huna haki ya kukasirika. Walilishika jambo lile hawakuliachia. Kwenye harusi za watu: "Mfichieni bwana harusi kanda, shemeji huyo anakuja." Alipojifungua mtoto wa kwanza: "Usimwanike huyo!" Walipohamia mjini, kanzu na vitenge vikiwa kwenye kamba, mtu anapita njiani anapaza sauti, "Shemeji, leo umeua nani?" Karibu miaka arobaini, jamani. Naye anacheka, anajibu, anawamiminia kahawa. Mimi nami nilicheka. Wakati mwingine nilicheka kuliko wote.

Nilijiambia ni utani tu, na nilijiambia hivyo mpaka kaka alipougua.

Figo zilimchosha taratibu. Mimi na wifi tulipokezana kumwuguza. Yeye asubuhi, mimi mchana. Mwanangu alinitilia kwenye simu zile nyimbo zote kumi na tatu, kwa mpangilio ule ule wa kanda, maana kaka alikuwa anaujua kwa kichwa. Tulisikiliza kwa waya mmoja, sikio moja lake, moja langu. Alikuwa anapiga ngoma kwa kidole juu ya shuka. Ukifika wimbo wa mwisho, ule wenye kinanda, alikuwa anafumba macho. Lakini kila mara, ukiisha, alitikisa kichwa. "Siyo wenyewe," alisema. "Mvua haimo. Mama hamo."

Siku moja, wimbo umekwisha, nikaona sasa ndiyo sasa. Nikamwambia, "Kaka, kuhusu ile kanda."

Akatabasamu. Alikuwa amekonda, meno yamekuwa makubwa. "Unajua," akasema, "mimi sikufanya mambo mengi ya maana. Shule niliishia njiani, kiwanda kilikufa, hija sikwenda. Lakini yule mwanamke aliniharibia kitu nilichokipenda kuliko vyote, na sikumnyanyulia mkono, sikumnunia hata wiki. Nilimsamehe palepale. Nikifa nitamwambia Mwenyezi Mungu, angalau hilo niandikie."

Mngekuwa mimi mngesema nini? Niliona nikisema namnyang'anya. Nikazirekebisha nyaya, nikamwuliza kama anataka uji. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ni sababu nzuri, inasikika vizuri hata sasa ninapoiandika. Lakini mimi ninajijua. Niliogopa. Niliogopa kwa hofu ile ile ya mtoto wa miaka kumi na miwili, na mimi ni bibi mwenye wajukuu.

Akafariki baada ya siku tisa.

Tulimrudisha Kinole kuzika. Watani wa ukoo wetu walikuja kama inavyopasa, wakatuvuruga msiba kama inavyopasa. Mmoja, naye mzee, alijifunga kikoi cha marehemu, akajipaka mafuta ya kupikia kichwani iwe jeri kali, akashika ganda la kanda akawa anazunguka uani kwa mwendo wa kaka, ule wa kutupa bega. "Mke wangu! Mke wangu! Umeianika kanda yangu, sasa na mimi umenianika!" Watu walicheka mpaka wakafutana machozi. Ndiyo kazi ya mtani, kuwachekesha watu msibani, wala simlaumu. Wifi alikuwa amekaa mkekani, bega lake limegusa bega langu, amejifunika khanga. Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha akacheka kama desturi yake, kwa adabu, kwa mdomo tu.

Mume wake yupo kaburini hata udongo haujakauka, na bado anailipia kanda yangu.

Baada ya arobaini nilikwenda kwake Mwembesongo. Alikuwa bado yumo edani, hatoki, amekaa chumbani kwenye mkeka anachambua mchele.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Karibu. Umekuja na jua hilo lote?"

Nilikaa. Nikavuta ungo nikaanza kuchambua naye, maana nisingeweza kusema huku namwangalia usoni. Nikamwambia yote. Kuvu, mkeka, rede, karafuu kwenye tundu, khanga. Nilikuwa nalia mpaka machozi yanadondokea mchele wa watu.

Hakuacha kuchambua. Alitoa kijiwe kimoja, akakiweka pembeni.

"Nilikuona," akasema.

"Uliniona?"

"Nilikuwa jikoni, mlango wazi. Nilikuona unakimbia na khanga imekunjwa. Nilijua kabla kaka yako hajapanda mlima."

"Mbona hukusema, wifi? Mtume! Mbona ukaomba msamaha?"

"Ningesema nini? Bibi harusi wa miezi mitatu, mtoto wa bondeni, nisimame mbele ya mama yako niseme ni binti yake mdogo? Wangeniona mwongo juu ya uharibifu. Nikasema huyu ni mtoto, atakua, atasema mwenyewe." Akatoa kijiwe kingine. "Ukakua. Nikasema akiolewa akajua nyumba ya watu ilivyo, atasema. Ukaolewa. Ukazaa. Nikasema kaka yake akiumwa atasema. Akaumwa. Nilikuwa nakuachia mchana wote, wifi. Ulidhani kwa nini nilichagua zamu ya asubuhi?"

Nikainamia ungo, nikasogeza chenga kwa kidole.

"Mimi nilishakusamehe siku ile ile, ulikuwa mtoto. Sikutaka uje kwangu. Nilitaka yeye ajue. Amekwenda huko anadhani mimi ndiye. Sasa umekuja kunieleza mimi, ninayejua."

Akaniambia nikanawe uso, tupike.

Jumapili iliyofuata nilikwenda barazani kwa fundi. Walikuwa wameanza tena vikao. Kiti cha kaka kilikuwa wazi, na kanda ile iliyopinda ilikuwa mezani. Fundi alikuwa ameitunza. Wimbo ulikuwa unapigwa, nikasubiri uishe. Kisha nikasimama nikawaamkia wazee wote, nikawaambia. Nilisema kwa kifupi, na kwa sauti, hata wapita njia walisikia. Mstaafu wa reli alivua kofia akaishika mapajani. Mwalimu akauliza taratibu, "Kwa hiyo miaka yote ile sisi tulikuwa tunamwambia..." hakumalizia. Fundi hakuweka wimbo mwingine. Ilikuwa mara ya kwanza kikao kile kuvunjika kabla ya magharibi.

Nilitaka wanitukane. Nilitaka wanitanie hata mimi, wanipachike jina lile, nilibebe mpaka kufa kwangu. Nikamwambia mwalimu hivyo tulipokuwa tunaagana. Akasema, "Wewe ni dada yetu. Dada hataniwi." Hata hilo sikulipata.

Wifi alipomaliza eda, wazee wote walikwenda kwake Jumapili iliyofuata, na redio kaseti moja, na kahawa yao wenyewe. Waliketi barazani kwake wamebana magoti. Walimwita mama, siyo shemeji. Alipotoka ndani, amevaa gauni jipya la kijani, wote walisimama. Mstaafu wa reli akaanza kusema maneno aliyokuwa ameyaandaa, mama tunakuomba radhi, kisha akasahau yanayofuata.

"Kaeni," wifi akasema. "Wekeni wimbo."

Fundi akaweka. Alikuwa ameutafuta ule wa kinanda, akaurekodi kwenye kanda mpya. Tulikaa kimya kama sheria inavyosema. Wifi alikaa wima, mikono mapajani, na hapakuwa na hata mmoja aliyemtazama usoni. Wimbo ukaisha. Bado kimya. Hapo zamani, hapa ndipo mmoja wao angesema, jamani iondoeni kanda mbele ya shemeji.

"Mbona leo hamnitanii?" akauliza.

Wazee waliangalia chini.

"Alikuwa anapenda mkinitania. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Sasa mmenyamaza, nyumba yote imenyamaza." Ndiyo mara ya kwanza kumwona akilia, hata msibani sikumwona. Alijifuta kwa upande wa mtandio. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa mwisho wa jamvi, karibu na ngazi, jua la alasiri likinipiga miguuni. Mawifi nasi tunataniana, hiyo ni haki yake, na katika miaka yote ile hakuwahi kuitumia kwangu hata siku moja.

"Wifi," akasema, kwa sauti wote wasikie, "sogea kivulini, utapinda."

Fundi ndiye aliyecheka kwanza, halafu wote, kicheko cha watu waliofunguliwa. Mimi nami nilicheka, kwa adabu, kwa mdomo tu, nikasogea kivulini.